Mimba Changa: Mwili na Moyo Vinapobadilika



Leo tunazungumza juu ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Akina mama wengi hufika kliniki tumbo likiwa limekwisha kuwa kubwa, mwezi wa tano au wa sita. Kabla ya hapo wanakaa kimya. Wengine wanaona haya. Wengine wanaogopa macho ya watu. Wengine hawajui kama wana mimba, wanadhani ni malaria tu. Na huko nyumbani ugomvi unaanza, maana mume haelewi mkewe amepatwa na nini.

Habari hii ni ya akina mama na akina baba pia. Wewe baba, usigeuze ukurasa. Soma mpaka mwisho.

TUANZE NA MFANO

Tuchukue mfano wa Baba Asha na Mama Asha. Watu hawa tumewatunga sisi, lakini mambo yao hutokea katika vijiji vyetu.

Ilikuwa wakati wa palizi. Mama Asha alikuwa mtu wa kuamka jogoo la kwanza. Ghafla akaanza kuchelewa kuamka. Akifika shambani, analima matuta mawili, kisha anakwenda kukaa chini ya mwembe. Akikaanga dagaa, anatoka mbio kutapika. Mara analia, mara anafoka. Usiku mumewe akimsogelea, anamgeuzia mgongo.

"Mama Asha, siku hizi una nini?" Baba Asha akauliza. "Kama umenichoka, sema."

"Sijakuchoka, Baba Asha. Ni harufu yako tu inanishinda."

"Harufu yangu! Miaka sita tumekaa wote, leo ndiyo umeisikia?"

Baba Asha akaenda kumweleza dada yake. Dada akasema, "Huyo wifi yangu ni uvivu tu unamsumbua." Jirani mmoja akasema amerogwa. Mama Asha mwenyewe akadhani ni malaria. Akanunua vidonge dukani, akanywa bila kupimwa.

Siku moja mama mkwe wake alikuja kuwatembelea. Alimtazama kidogo, kisha akauliza swali moja: "Mwanangu, siku zako uliziona mara ya mwisho lini?"

Mama Asha akafikiri. Mwezi huu hakuziona. Mwezi uliopita, vilevile. Tarehe yenyewe hakuikumbuka. Kesho yake wakaenda zahanati. Mkojo ukapimwa. Kumbe ni mimba!

Katika nyumba hiyo hapakuwa na mvivu, wala mchawi, wala mwenye dharau. Mwili wa Mama Asha ulikuwa unafanya kazi kubwa ambayo haijaonekana kwa nje.

KALAMU YAKO INA KAZI

Wewe uliyejifunza kusoma na kuandika, hapa elimu yako inatakiwa. Kila mwezi, siku damu ya hedhi inapoanza kutoka, andika tarehe katika daftari au kwenye kalenda ya ukutani. Ni kazi ya dakika moja.

Ukikosa siku zako, tarehe hiyo ndiyo utakayoulizwa kliniki. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Toka siku hiyo hadi kujifungua ni siku 280 hivi, yaani wiki 40.

Unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Chukua tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Ongeza siku 7. Kisha rudi nyuma miezi 3. Kwa mfano, hedhi ilianza tarehe 10 Machi. Ongeza siku 7, unapata 17 Machi. Rudi nyuma miezi 3, unapata 17 Desemba. Basi mtoto anatazamiwa karibu na tarehe 17 Desemba. Anaweza kutangulia kidogo au kuchelewa kidogo, lakini familia imekwisha jua wakati wa kujiandaa.

TUMBONI KUNA NINI?

Tumbo la nje halijabadilika. Lakini ndani mambo yanakwenda mbio.

Katika wiki ya 6 hivi moyo wa mtoto huanza kupiga. Wakati huohuo, sehemu itakayokuwa ubongo na uti wa mgongo imekwisha jifunga. Ikifika wiki ya 12, mikono, miguu, macho, figo na viungo vingine vimekwisha umbika. Mtoto mwenyewe hapo ana urefu wa sentimita 5 au 6 tu, kama kidole gumba.

Fikiri basi. Mama anayefika kliniki mwezi wa sita anafika wakati viungo vyote vimekwisha umbika. Kama pombe, tumbaku au dawa ya ovyo ilikuwa ya kumdhuru mtoto, huenda imekwisha fanya hivyo. Ndiyo sababu tunasema, usingoje tumbo lionekane.

MWILI UNAVYOBADILIKA

Mabadiliko haya huletwa na vichocheo. Vichocheo ni vitu vidogo sana vinavyotembea ndani ya damu na kuuamuru mwili ufanye hivi au vile. Madaktari huviita homoni. Mimba ikitunga, vichocheo vya namna fulani huongezeka sana. Kimoja huonekana hata katika mkojo, na hicho ndicho kinachotafutwa na kipimo cha mimba.

1. Kuchoka na kusinzia. Mwili unatengeneza damu zaidi. Hadi mimba kukomaa, damu ya mama huweza kuongezeka karibu nusu ya ile ya kwanza. Moyo unafanya kazi zaidi. Na kichocheo kimoja huleta usingizi. Mama apumzike mchana, hata kwa muda mfupi. Hapo hajatega kazi.

2. Kichefuchefu na kutapika. Watu huita ugonjwa wa asubuhi, lakini waweza kuja mchana au usiku. Kwa wengi huanza wiki ya 6 hivi na kupungua kati ya wiki ya 12 na 16. Kabla ya kuinuka kitandani, mama ale kitu kikavu kidogo, kama kipande cha mkate au cha muhogo wa kuchemsha. Ale kidogo kidogo mara nyingi, asingoje njaa kali. Anywe maji kwa mafunda madogo. Tangawizi kidogo katika chai huwasaidia wengi. Na harufu ya kukaanga ikimsumbua, mtu mwingine akaange.

3. Maziwa kujaa na kuuma. Yanajiandaa kwa kazi ya kunyonyesha. Chuchu na sehemu inayozizunguka huweza kuwa nyeusi zaidi.

4. Kukojoa mara kwa mara. Mji wa mimba unakua na kusukuma kibofu. Figo nazo zinachuja zaidi. Hii ni kawaida. Lakini mkojo ukichoma, au kukiwa na homa, nenda zahanati.

5. Choo kigumu na kiungulia. Vichocheo hulegeza tumbo, chakula kinakwenda polepole. Kunywa maji ya kutosha, kula mboga za majani na matunda kama papai lililoiva. Usilale mara tu baada ya kula.

6. Mate kujaa mdomoni, na hamu ya vitu. Huyu anataka embe bichi, yule ukwaju, yule limau. Hayo hayana neno. Lakini wako wanaotamani udongo. Udongo waweza kuwa na mayai ya minyoo na vitu vya sumu, nao huzuia chakula kisitie damu. Hamu ya udongo mara nyingine ni dalili kwamba damu imepungua. Usione haya, mwambie muuguzi.

Si kila mama hupata mambo haya yote. Mwingine hatapiki hata siku moja, na mtoto wake ni mzima. Hata mama yuleyule, mimba ya kwanza na ya pili huweza kutofautiana kabisa.

MOYO NAO UNABADILIKA

Watu huzungumza habari za kutapika. Habari za moyo hawazizungumzi. Lakini nazo ni za kweli.

Mama mwenye mimba changa huweza kufurahi asubuhi na kulia jioni. Neno dogo linamuuma. Anakasirika upesi, kisha anajuta. Usiku anaota ndoto za ajabu. Vichocheo tulivyovitaja vina mkono hapa, maana hugusa na ubongo. Uchovu na njaa ya kutapika huongeza.

Tena kuna mawazo. Je, nitajifungua salama? Chakula kitatosha? Mtoto wa nyuma bado ananyonya, itakuwaje? Mama aliyewahi kupoteza mimba huogopa kila siku mpaka ipite miezi ile. Na binti wa mimba ya kwanza huogopa hata kumwambia mama yake mzazi.

Mama anaweza kuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Akijisikia hivyo, asifikiri kwamba yeye ni mama mbaya. Jambo la kwanza linalosaidia ni kusema. Amwambie mumewe, au dada yake, au shoga anayemwamini. Jambo lililosemwa hupungua uzito.

Lakini kuna huzuni ambayo si ya kawaida. Kama inaendelea kwa wiki mbili bila kukoma, kama mama hataki tena kufanya chochote, hapati usingizi hata akiwa amechoka, au anafikiria kufa, basi huo ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Unatibika. Apelekwe kituo cha afya bila kungoja, na asiachwe peke yake.

"MIMBA IMEMKATAA MUMEWE"

Msemo huu tunausikia sana. Wengine husema, mama akimchukia mumewe wakati wa mimba, mtoto atafanana na baba. Huo ni mchezo wa maneno tu. Sura ya mtoto hutoka kwa baba na mama wote wawili tangu siku mimba inatungwa.

Jambo la kweli ni hili. Katika mimba changa akina mama wengi husumbuliwa na harufu kuliko siku zote. Jasho, sigara, mafuta ya kujipaka, samaki, hata sabuni, vinaweza kumchefua. Pia maziwa yanauma na mwili umechoka. Kwa hiyo akimgeuzia mume mgongo, si lazima awe amempata mwingine au ana dharau. Kwa wengi hali hiyo hupungua mwezi wa nne.

Baba, usitafute nyumba nyingine kwa sababu ya harufu. Oga ukitoka shambani. Acha kuvuta sigara ndani ya nyumba. Kama mama hana damu inayotoka wala maumivu, na wote mnapenda, kulala pamoja hakumdhuru mtoto. Kama hataki, mvumilie.

Hapa tuseme wazi: kumpiga mama mjamzito kunaweza kumuua yeye au mtoto aliye tumboni. Mama anayepigwa aweza kumweleza muuguzi akiwa naye peke yake.

Baba afanye nini basi? Achukue ndoo akateke maji. Apasue kuni. Amchukue mtoto mkubwa, mama alale. Amsindikize mkewe kliniki. Amwulize, "Leo unajisikiaje?" kisha asikilize jibu. Hakuna heshima inayopungua hapo.

MIMBA IKIHARIBIKA, NANI ALAUMIWE?

Hili nalo lazima tuliseme, maana limevunja nyumba nyingi. Kati ya mimba 100 zinazojulikana, 10 hadi 20 hivi huharibika zenyewe, na nyingi ya hizo ni kabla ya wiki ya 12. Mara nyingi sababu ni kwamba mbegu ya baba na yai la mama hazikuungana sawasawa tangu mwanzo, na mtoto asingeweza kukua.

Hasira ya mama haikuiharibu. Kazi zake za kila siku hazikuiharibu. Jicho la jirani halikuiharibu. Basi msimlaumu mama, wala msimtafute mchawi. Mama huyo amefiwa. Apewe pole, na apelekwe zahanati aangaliwe, maana damu ikiendelea kutoka au uchafu ukibaki ndani anaweza kufa. Na wengi waliopoteza mimba moja hupata mtoto baadaye.

DALILI ZA HATARI

Haya siyo mabadiliko ya kawaida. Ukiona hata moja, nenda zahanati au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku:

- Damu inatoka ukeni.
- Maumivu makali ya tumbo, hasa upande mmoja, au kizunguzungu na kuzimia. Huenda mimba imetunga nje ya mji wa mimba. Ikipasuka, damu hutoka ndani kwa ndani na mama hufa upesi.
- Kutapika kila kitu, hata maji, na mkojo kuwa kidogo na mweusi.
- Homa. Yaweza kuwa malaria, na malaria ni hatari sana kwa mama na mtoto.
- Viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, na kuhema kwa kazi ndogo. Damu imepungua.

Kata hii orodha, ibandike ukutani. Msomee na asiyejua kusoma.

NENDA KLINIKI MAPEMA

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mama mjamzito aonane na watoa huduma za afya mara 8 angalau, na mara ya kwanza iwe kabla wiki ya 12 haijaisha. Zamani ushauri ulikuwa mara 4. Basi ukikosa siku zako, usikae.

Kliniki watakupima uzito na presha. Watapima damu kuona kama inatosha, na mkojo. Watapima virusi vya UKIMWI na kaswende. Ni vizuri baba apimwe pia. Usiogope vipimo hivi. Kaswende isiyotibiwa huweza kuua mtoto tumboni, nayo inatibika kwa sindano. Mama mwenye virusi vya UKIMWI akianza dawa mapema na kuzinywa kila siku, mtoto ana nafasi kubwa ya kuzaliwa mzima.

Utapewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma na foliki. Foliki husaidia ubongo na uti wa mgongo wa mtoto vijifunge vizuri. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika mapema sana, mama anayetazamia kupata mimba aulize zahanati habari za foliki hata kabla. Vidonge hivi vikigeuza choo kuwa cheusi, usishtuke, ni kawaida. Vinywe na maji, si pamoja na chai, maana chai huzuia madini ya chuma.

Lala ndani ya chandarua chenye dawa kila usiku. Dawa ya kukinga malaria iitwayo SP hutolewa kliniki kuanzia mwezi wa nne, haitolewi kabla. Ukipata homa, pimwa kwanza. Usinunue vidonge dukani kwa kubahatisha kama alivyofanya Mama Asha. Dawa za miti shamba nazo usinywe bila kuuliza, maana nguvu zake katika mimba changa hazijapimwa. Pombe yoyote acha, ya chupa na ya kienyeji.

Chakula hakihitaji fedha nyingi. Mchicha, kisamvu, matembele, maharage, karanga, dagaa na mayai vinatosha kujenga damu. Chungwa au limau pamoja na mboga husaidia damu ipokee madini ya chuma vizuri zaidi.

TUMALIZIE NA BABA ASHA

Siku ile walipotoka zahanati, Baba Asha alitembea kimya. Walipofika mtoni akasema, "Mama Asha, unisamehe. Nilidhani umenichoka."

"Nami nilidhani nimekuwa mgonjwa wa kufa," Mama Asha akajibu. "Ila jasho lako bado linanuka."

Wakacheka wote wawili. Baba Asha akaingia mtoni kuoga. Jioni ile akachukua msumari na mkaa, akatundika kalenda karibu na mlango, akatia alama tarehe ya kurudi kliniki.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini akina mama wa kijiji chetu huchelewa kwenda kliniki? Ni nini kinachoweza kuondoa sababu hizo?
2. Mama alianza hedhi yake ya mwisho tarehe 4 Juni. Anatazamiwa kujifungua lini?
3. Taja dalili tatu za hatari. Mama akizipata usiku katika kijiji chetu, atasafirishwa kwa nini, na nani?
4. Akina baba: ni kazi gani tatu za nyumbani mnaweza kuzichukua kuanzia wiki hii?

(Jibu la swali la 2: karibu na tarehe 11 Machi, mwaka unaofuata.)